TAGI MOJA, MTU MMOJA
Mfumo wa kujua mchimbaji alipo chini ya ardhi: kwa wachimbaji, wenye maduara na wasimamizi wa zamu, Shinyanga na Geita

Kwa nini kijitabu hiki
Novemba 2015, watu watano walitolewa hai Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Januari 2017, watu 15 waliokolewa Nyarugusu, Geita. Agosti 11, 2025, watu 25 walifukiwa Nyandolwa, Shinyanga. Kila ajali ina maswali mawili ya kwanza: wako wangapi, na wako upande gani? Daftari la waliozama, linalowekwa juu, hujibu la kwanza tu, tena likiwa limeandikwa vizuri.

Mfumo unavyofanya kazi
Simu hujua ulipo kwa mawimbi ya satelaiti, nayo hayapenyi mwamba. Kwa hiyo chini hufungwa vipokezi, na kila anayezama hubeba tagi inayotoa mawimbi hafifu. Kipokezi kilicho karibu huyanasa na kupeleka taarifa kwenye skrini ya msimamizi. Elewa vizuri: skrini haimwoni mtu. Inaiona tagi.

Kufunga
1. Chora kwanza ramani ya duara (shimo la kuingilia) na longbase (njia za mlalo chini) zote.
2. Weka kipokezi kila njia panda na kila kona. Mawimbi hayakati kona ya mwamba kirahisi.
3. Kifunge kwenye mwamba imara, mbali na maji, si kwenye matimba (magogo ya kuzuia kuta) yanayobadilishwa.
4. Weka betri ya akiba. Ajali haisubiri umeme urudi.
5. Mtu mmoja atembee na tagi njia nzima, mwenzake akiangalia skrini. Rudieni kila longbase inapoongezwa.
6. Mawimbi ya redio yanaweza kulipua fataki za umeme. Kifaa chochote kisisogezwe karibu nazo bila idhini ya mlipuaji.

ONYO
Tunapokea malalamiko kwamba tagi ni ya kuwapeleleza wafanyakazi. Wengine huiacha kwenye koti juu. Wengine humpa mwenzao azibebe tatu kwenye mkanda mmoja. Tunasema bila kuficha: ukiiacha juu, msimamizi atadhani umeshatoka, na hakuna atakayekutafuta. Ukimpa mwenzako, waokoaji watachimba alipo yeye, nawe uko upande mwingine.

Usiazime tagi. Usiiache. Usibebe ya mwenzako hata kwa dakika moja. Msimamizi ahesabu vichwa na tagi kabla ya kuzama na baada ya kutoka. Hesabu zikipishana, zamu isimame.

Tena, tagi haizuii kifusi wala haileti hewa. Matimba mabovu ni mabovu hata kama skrini inawaka.

Taarifa zako
Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakulinda. Mwenye mgodi akueleze anachokusanya na sababu yake. Taarifa za usalama zisigeuzwe fimbo ya kukukata mshahara. Masharti ya leseni na vibali vya vifaa ulizeni ofisi ya madini ya mkoa.

Tumefika machimboni, tumeeleza, na sasa tumeandika. Asiyesikia asiseme hakuambiwa. Kabla hujazama leo, shika mkanda wako: tagi ipo? Ni yako? Kama sivyo, usizame.