Makumbusho ya Chumba Kimoja: Kijitabu kwa Familia za Banalia

Makumbusho ya Taifa ya Kinshasa yalifunguliwa mwaka 2019, na yale ya Lubumbashi yalianzishwa mwaka 1946. Mwenye nafasi ya kufika huko asikose. Lakini kwa familia ya Banalia yenye watoto wadogo na mfuko mwepesi, huko ni mbali mno. Makumbusho tunayoyasemea humu ni darasa lililofunguliwa Jumamosi, ukumbi wa parokia, au baraza ya koko anayependa kusimulia: meza moja au mbili, vitu vichache vya zamani, na mtu anayevijua amekaa karibu navyo.

Anzeni kivukoni

Kabla ya kuingia chumbani, pelekeni watoto ukingoni mwa Aruwimi. Anayetoka Kisangani kwenda Buta huvukia hapa, kwa hiyo watoto wanapajua kwa malori, toleka, samaki na kungoja zamu. Ambalo wengi hawajaambiwa ni kwamba Banalia ilikwisha kuandikwa katika vitabu vya Ulaya tangu miaka ya 1880, vingine vikiiita Unaria, na kwamba habari zake ziliandikwa na wageni.

Mwezi Juni 1887 mvumbuzi Stanley alipita mto huu akienda kumtafuta gavana Emin Pasha. Kikosi cha nyuma alikiacha Yambuya, upande wa chini wa mto, mikononi mwa Meja Barttelot, kiwangoje wapagazi 600 ambao mfanyabiashara Tippu Tip alikuwa ameahidi. Wapagazi walichelewa karibu mwaka mzima na idadi haikutimia. Kambini watu walikufa kwa njaa, maradhi na viboko. Wengi wao walikuwa watu wa Zanzibar waliojiandikisha kubeba mizigo. Juni 1888 msafara ukaondoka, ukafika Banalia. Alfajiri ya tarehe 19 Julai mwanamke mmoja alikuwa akipiga ngoma na kuimba. Barttelot akatoka kwa hasira kwenda kumnyamazisha, na mume wa yule mwanamke, Mmanyema aitwaye Sanga, akampiga risasi. Sanga alihukumiwa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, akauawa. Stanley aliporudi tarehe 17 Agosti, katika maofisa Wazungu aliowaacha alimkuta William Bonny peke yake, kazungukwa na wagonjwa na waliokufa.

Mkishasimulia hivyo, msiondoke upesi. Muulizeni mtoto: wenyeji wa hapa walikuwa wapi asubuhi ile? Nani alikuwa na mashamba ambayo misafara ilikula? Walikimbilia msitu gani? Karatasi za Stanley zimetunzwa vizuri kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Tippu Tip naye aliandika maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na mtoto mkubwa anayesoma Kiswahili anaweza kuyafuata mwenyewe. Masimulizi ya Wangelima, Wamanga, Wapopoi na Waboa yako vinywani mwa wazee. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo sababu kubwa ya kufungua chumba hiki: mtoto asikie upande huo angali yupo wa kuusema.

Hata Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, kuna makumbusho madogo penye sanamu za Livingstone na Stanley wakivuliana kofia walipokutana mwaka 1871. Wapagazi waliowafikisha pale hawakusimamishiwa sanamu kando yao. Chumba cha Banalia kinaweza kufanya vizuri zaidi.

Kikapu cha muhogo

Kama mna nafasi ya kitu kimoja tu mezani, tunashauri kiwe kikapu cha kulowekea muhogo. Chagueni kilichotumika hasa, chenye ukingo uliosuguliwa na mikono na rangi ya kahawia iliyokolea pale maji yanapokomea. Mpeni mtoto akishike, akinuse. Mama mmoja aeleze kazi yenyewe: muhogo mchungu humenywa, hulowekwa siku kadhaa mpaka ulainike ukibonyezwa kwa kidole, hukamuliwa, huanikwa, ndipo hutwangwa. Katika siku hizo sumu iliyomo, ya jamii ya sianidi, hupungua hadi muhogo ukafaa kuliwa.

Sasa rudini Yambuya. Kambi ile ilizungukwa na mashamba ya muhogo. Watu waliula bila kuuandaa ipasavyo, na Stanley mwenyewe alikuja kuuhesabu miongoni mwa sababu kubwa za vifo vile. Walipungukiwa na ujuzi ambao kila bibi wa mto huu alikuwa nao. Mtoto aliyeshika kikapu hicho ataelewa kwamba kilicho jikoni kwao kingeokoa watu wengi.

Habari nzito

Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, wamisionari wa Kiprotestanti na watoto wao waliuawa hapa Banalia. Wakongo waliouawa miezi ile katika eneo la Kisangani, na waasi na pia na majeshi yaliyokuja kuwaondoa, ni wengi kupita kiasi. Msiwafiche watoto jambo hili, ila mpimieni kila mmoja umri wake: mdogo aambiwe kulikuwa na vita na watu wasio na silaha walikufa, kijana anaweza kumsikiliza shahidi. Shahidi asipotaka kusema, asilazimishwe.

Na historia haikuishia hapo. Septemba 2021 mlipuko wa homa ya uti wa mgongo ulithibitishwa Banalia, watu wengi wakafa, ikaja kampeni ya chanjo. Kadi ya chanjo ya mwaka ule inastahili kuwekwa mezani leo, kabla mchwa hawajaila.

Siku yenyewe

Saa moja chumbani inatosha kwa watoto wadogo. Fungeni lituma na samaki, mle kivulini mkitoka, maana maswali mazuri huja wakati wa kula. Kila mtoto achague kitu kimoja, akichore, aandike nani alikitengeneza, kwa mti au udongo gani, na nani alikitumia. Jina la kitu liandikwe kwanza kwa lugha ya nyumbani, kisha Kiswahili au Lingala.

Vitu vya ibada ya ukoo haviwekwi mezani wala kupigwa picha mpaka wenye ukoo wakubali. Akija mtu kutaka kununua kinyago au ngoma ya kale, asijibiwe na mtu mmoja. Wazee wa familia waitwe kwanza. Kila kitu cha kuazima kiandikwe daftarini pamoja na jina la mwenyewe na tarehe ya kukirudisha, na atie sahihi siku anapokitoa na siku anapokipokea.