Kompyuta inayozima ikigusa intaneti

Swali: Mwenye steshenari Kyela mjini anauliza: tangu aweke draiva ya waifai ya USB kutoka kwenye flashi ya fundi, kompyuta huonyesha skrini ya bluu kila wanafunzi wakija kujaza fomu za mkopo. Anunue nyingine?

Jibu: Asinunue. Draiva hukaa kwenye kiini cha Windows. Ikikosea, huangusha mashine nzima. Julai 19, 2024 sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5, ingawa zenyewe hazikuwa na hitilafu.

Apige picha skrini ile: jina linaloishia na .sys ndilo mshukiwa wa kwanza. Aingie Device Manager, aifute draiva, achomoe waifai, kisha apakue ya mtengenezaji kwa kifaa kingine. (Flashi ya fundi imrudie mwenyewe.)

Kompyuta ikiendelea kuzima, apime RAM na kusafisha feni. Joto la Kyela nalo halina huruma.