Kutibiwa Utoko Wenye Harufu kwa Tabibu wa Mtandaoni

Katika maradhi yatupatayo wanawake, ni machache yafichwayo kwa juhudi kubwa kama utoko uliogeuka harufu. Kwani mwenye kupatwa nao hudhani ataambiwa mchafu, au atatuhumiwa mwendo mbaya, na kwa kuikhofu tuhuma hiyo hujitibu kwa siri kwa ndimu, siki, shabu na sabuni za manukato, vitu ambavyo humzidishia yale yale anayoyakimbia. Mimi nilitibiwa maradhi haya kwa njia ya simu, nikiwa chumbani mwangu hapa Mombasa, na kwa kuwa najua ni wangapi wanaoendelea kutaabika kwa kukosa pa kusemea, naona ni wajibu wangu kueleza jinsi jambo hili lifanywavyo.

Maradhi yenyewe, ambayo matabibu huyaita vajinosisi ya bakteria, hayatokani na uchafu. Ukeni mna vijidudu vya kheri viitwavyo laktobasili, vitoavyo asidi ya kuvizuia vingine. Vikipungua, ama kwa kujiosha ndani, ama kwa sababu nyinginezo, vijidudu vya aina ya Gardnerella na wenziwe huzagaa, na utoko huwa mwepesi, wa kijivu au mweupe, wenye shombo la samaki lizidilo baada ya tendo la ndoa. Mwasho mkali pamoja na utoko mzito kama maziwa ya mgando aghalabu ni fangasi, na utoko wa manjano au kijani wenye povu huenda ukawa trikomona, ambayo huambukizwa kwa kujamiiana. Tofauti hizi zafaa kujulikana mapema, kwa sababu tabibu aliye mbali hana macho ila maneno yako.

Kabla ya kulipa chochote, lihakiki jina la tabibu katika orodha ya wenye leseni: kwa Kenya, orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na kwa Tanzania Bara, ile ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Tovuti ikuuziayo dawa pasipo kukuuliza iwapo una mimba ni duka tu, nawe ikimbie.

Mimi nilichagua kuandikiana badala ya kuonana kwa video, na bado naona ndiyo njia bora kwa mwenye haya, kwa kuwa kalamu husema yale ambayo ulimi huyameza. Niliandika hivi: utoko mwepesi wa kijivu, harufu ya samaki baada ya kulala na mume wangu, hakuna mwasho, hakuna maumivu. Jibu lilikuja kwa maswali yaliyonipa imani: “Dada, siku zako zimechelewa? Una homa, au maumivu chini ya kitovu? Kuna damu isiyo ya mwezi, au kidonda? Unajiosha kwa kitu gani huko ndani?” Picha hakuomba, na wala sikuona haja yake. Aliniambia wazi kwamba lau ningelijibu ndiyo kuhusu homa, maumivu, damu au kidonda, angelinipeleka hospitali siku ile ile. Na mja mzito naye hufaa apimwe ana kwa ana, maana maradhi haya yaweza kuambatana na kuzaa kabla ya wakati.

Cheti cha dawa nilikipokea simuni nikakionyesha katika famasia iliyosajiliwa. Dawa iliyo mashuhuri ni metronidazoli, miligramu 400 au 500, mara 2 kwa siku kwa muda wa siku 7. Badala yake yaweza kutolewa jeli yake ya ukeni, au krimu ya klindamisini, ambayo ina mafuta yadhoofishayo kondomu. Vidonge vile huacha mdomoni ladha ya chuma, na tumbo laweza kuchafuka, basi vitumie baada ya chakula, na usiviache njiani kwa kuwa harufu imekwisha. Kujiosha ndani kukome kabisa. Kuosha nje kwa maji matupu kwatosha.

Lakini maradhi haya yana tabia ya kurudi, na wengi waliopona hurudiwa kabla mwaka haujatimia. Yakirudi, usiombe cheti kile kile kwa mazoea, bali mwombe tabibu akuandikie kipimo cha maabara, ambako utoko hupimwa asidi yake na kutazamwa kwa hadubini. Kisha mwulize habari ya mume. Utafiti wa Australia uliotangazwa mwaka 2025 ulionyesha kuwa wanawake ambao waume zao walitibiwa pamoja nao walirudiwa kwa asilimia 35 katika majuma 12, ilhali wale waliotibiwa peke yao walirudiwa kwa asilimia 63. Waume hao walimeza metronidazoli na kujipaka krimu ya klindamisini dhakarini, mara 2 kwa siku, siku 7. Si kila tabibu amekwisha kuuzoea utaratibu huu, kwa hiyo lianzishe wewe mwenyewe neno hili, na mume naye aandikiane na tabibu kwa jina lake, aulizwe mizio yake na dawa atumiazo, apewe cheti chake mbali na chako.