Dondoo muhimu: Kujenga chumba kwa chumba Dodoma

Hata kama hela inatosha chumba kimoja tu, mchoro uwe wa nyumba nzima. Ukuta utakaopokea chumba kijacho uachie matofali yamechomoza, la sivyo utakuja kubomoa.

Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Magharibi weka stoo au choo. Jua la saa kumi halina huruma na chumba cha kulala.

Matofali ya kufungamana, ya udongo na saruji, hayachomwi, kwa hiyo kuni hazihitajiki. Yanahitaji kivuli na kumwagiliwa maji siku 7 kwa uchache. Fundi mwenye haraka atakwambia tatu zinatosha. Mkatalie.

Bati bila dari ni jiko. Piga dari, kisha acha matundu yenye wavu chini ya paa ili hewa ya moto itoke. Madirisha funga mchana, fungua usiku, kwani usiku wa Dodoma hupoa kweli.

Paa la mita za mraba 30 likinyeshewa milimita 500 hupokea lita 15,000, ingawa kiasi fulani hupotea. Ili kuyavuna maji hayo, gata ziwe zimefungwa kabla Novemba haijaisha, mvua zisikupite.