Misuli Izuiayo Haja Kubwa

Watu wengi hudhani kwamba mtu mzima huzuia haja kubwa kwa nguvu ya nia yake peke yake. Sivyo. Usiku alalapo, nia yake nayo imelala, wala kitanda hakichafuki.

Mwisho wa utumbo mpana, penye njia ya haja, ziko pete mbili za misuli, moja ndani ya nyingine. Ya ndani haingoji amri; hujikaza yenyewe mchana na usiku, nayo ndiyo ifanyayo sehemu kubwa ya kazi ya kuifunga njia mwili utuliapo. Ya nje hutii amri, kama mkono utiivyo. Juu yake upo msuli wa tatu, utokao kwenye mfupa wa kinena na kuzunguka nyuma ya utumbo mfano wa kombeo, ukiuvuta mbele hata ukapindika. Mtu achuchumaapo pindo hilo hunyooka kiasi. Ndiyo sababu choo cha kuchuchumaa hurahisisha haja.

Kinyesi kishukapo na kuutanua utumbo, pete ya ndani hulegea kidogo kwa muda mfupi. Hapo ngozi laini ya njia hupambanua kilichofika, kama ni hewa, maji au kigumu, jambo la ajabu kwa mahali padogo namna ile. Papo hapo pete ya nje hujikaza, mwenyewe apate nafasi ya kufika chooni. Mtoto mchanga hana uwezo huo; wengi huupata kati ya miaka 2 na 4, na kumchapa hakumharakishi.

Lakini pete hizo huweza kuchanika mwanamke azaapo, hasa mtoto akiwa mkubwa au akivutwa kwa koleo. Baadaye huvuja hewa au kinyesi bila kutaka, naye kwa haya hujitenga: haendi kisimani wenzake wawapo, wala kanisani wala msikitini. Majirani husema ni mchafu, au amerogwa. Kumbe ameumia, kama aliyevunjika mguu. Pete iliyochanika hushonwa, na wakati ulio bora ni mara tu baada ya kuzaa. Kwa hiyo yampasa mkunga kumwangalia vema mzazi kabla hajamwacha. Hata miaka ikiwa imepita, daktari bado ana la kufanya. Misuli iliyolegea tu husaidiwa na mazoezi: kuikaza kama mtu azuiaye hewa, kuhesabu polepole hadi 5, kuilegeza, kisha kurudia mara nyingi kila siku. Nafuu haiji kwa juma moja, huchukua miezi.