Nukta Moja Ilimnyima Mzee Usingizi

AFYA YETU
Somo la leo: Hofu ya kungoja majibu baada ya kupasuliwa saratani ya tezi dume

Leo tutajifunza juu ya ugonjwa ambao wanaume wengi huona haya kuutaja. Tutajifunza pia juu ya hofu inayoufuata. Hofu hii humpata mtu baada ya kupasuliwa, kidonda kikiwa kimekwisha pona.

Nitaanza na habari ya mzee mmoja wa hapa kwetu Kifaru. Jina lake silitaji. Yeye mwenyewe ameniruhusu nieleze yaliyompata ili wengine wajifunze.

Mzee alisoma namba

Mzee huyu ni mkulima. Alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la elimu ya watu wazima. Alipatikana na saratani ya tezi dume, akapasuliwa, na tezi yote ikatolewa. Alirudi nyumbani salama. Baada ya wiki nane alikwenda kupimwa damu. Alipewa karatasi ya majibu, lakini hakungoja kuonana na daktari. Alikuwa anawahi gari la kurudi.

Ndani ya gari aliifungua karatasi. Akaona 0.04. Nukta ilikuwa hafifu, hakuiona. Akasoma nne.

Kumbe mimi nilikuwa nimemwambia zamani, kabla hajapasuliwa, kwamba namba ikizidi 4 inafaa mtu achunguzwe zaidi. Sikumweleza kwamba hesabu hiyo ni ya mtu ambaye bado ana tezi. Kosa hilo ni langu.

Mzee alifika nyumbani akanyamaza. Akipewa makande, alikula kijiko kimoja akasukuma sahani. Usiku alikaa nje. Siku ya kumi aliwaita wanawe, akaanza kuwaonyesha mipaka ya shamba. Akaagiza mbuzi wauzwe. Mama wa nyumbani aliona mambo yanaharibika. Akamshika mkono, wakaja zahanati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuaga. Ugonjwa umerudi."

Nikaomba karatasi. Nikaisogeza dirishani penye mwanga. Nikamwonyesha nukta kwa ncha ya kalamu. Mzee aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Siku kumi na moja sijalala kwa sababu ya kitu kidogo kama yai la chawa!"

Tezi dume ni nini?

Tezi dume ni kiungo cha mwanamume tu. Kipo chini ya kibofu cha mkojo. Kwa kijana, ukubwa wake ni kama wa ndimu ndogo. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya maji yanayobeba mbegu za uzazi.

Mtu akizeeka, tezi hii huweza kukua. Mara nyingi kukua huko si saratani. Lakini mara nyingine huwa ni saratani. Katika nchi nyingi za Afrika, saratani hii ndiyo inayowapata wanaume wengi kuliko saratani nyingine zote.

Ugonjwa huu hauchagui cheo. Mwezi wa Novemba 2014, Ndugu Jakaya Kikwete, aliyekuwa Rais wa Tanzania wakati huo, alipasuliwa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 64. Aliporudi nchini mwishoni mwa mwezi huo, aliwaeleza wananchi waziwazi kwamba ilikuwa saratani, na kwamba iligunduliwa mapema. Aliendelea na kazi mpaka alipomaliza kipindi chake mwaka 2015. Ikiwa Rais alilitamka neno hili mbele ya taifa, sisi tunaogopa nini kulitamka mbele ya wake zetu?

Kipimo cha PSA

Tezi dume hutoa kitu kinachoingia katika damu. Kitu hicho huitwa PSA. Tezi nzima hukitoa, na tezi yenye saratani hukitoa pia, mara nyingi kwa wingi zaidi. Kipimo chake ni cha damu ya mkono tu.

Tezi yote ikiisha kutolewa, PSA hupungua sana katika wiki chache. Inatakiwa iwe karibu na sifuri. Kwa hiyo daktari huagiza kipimo cha kwanza baada ya wiki sita hadi nane, au miezi mitatu. Baadaye huagiza vipimo vingine kila baada ya miezi kadhaa, kisha mara moja kwa mwaka. Daktari wako ndiye atakayekupangia tarehe.

Hapa kuna jambo la kuangalia sana. Upasuaji si wa aina moja:

1. Wengine hutolewa tezi yote kwa sababu ya saratani. Hao ndio PSA yao hutakiwa kuwa karibu na sifuri.

2. Wengine huondolewa sehemu ya ndani tu ya tezi iliyokua ili mkojo upite. Hao bado wana sehemu ya tezi. PSA yao haiwi sifuri, na hilo si ajabu.

3. Wengine saratani yao ilikwisha sambaa. Hao huweza kutolewa mapumbu, au kupewa sindano, ili kupunguza homoni ya kiume inayolisha saratani. Daktari huangalia kama namba yao inashuka na kubaki chini.

Basi usilinganishe namba yako na ya jirani. Yeye alipasuliwa kivyake, na wewe kivyako. Kwanza muulize daktari: "Mimi nilipasuliwa upasuaji gani?"

Tujifunze kusoma nukta

Chukua maji uyapime. Lita 4 za maji hujaza karibu dumu zima la lita 5. Lita 0.2 ni maji ya glasi moja ndogo. Lita 0.04 ni vijiko vidogo vya chai 8 tu.

Tazama tofauti. Mzee wetu alikuwa na vijiko 8. Yeye alidhani ana dumu.

Kwa mtu aliyetolewa tezi yote, madaktari huanza kufikiri kwamba saratani huenda imerudi namba ikifika 0.2 au zaidi. Hata hapo hawaamui kwa kipimo kimoja. Hupima tena ili kuhakikisha. Tena mashine za maabara mbili huweza kutofautiana kidogo. Kwa hiyo ni vizuri kupima mahali pale pale kila mara.

Hofu ilirudi

Ndugu msomaji, nilidhani somo la nukta limemaliza kazi. Sivyo. Miezi sita baadaye tarehe ya kipimo ilipokaribia, mzee alianza tena kukosa usingizi. Safari hii alijua kusoma namba yake vizuri. Hata hivyo moyo ulimwenda mbio. Alimkaripia mjukuu bila sababu. Kila kiuno kilipomuuma kwa kupalilia, alisema ni saratani. Mwisho akasema, "Mwezi huu siendi. Nina kazi ya mpunga."

Hapo nilielewa jambo. Hofu hii haitokani na ujinga peke yake. Mtu aliyepata saratani ameona kwamba mwili unaweza kumgeuka bila kumwambia. Kila kipimo humrudisha siku ile alipoambiwa mara ya kwanza. Si woga wa kike wala si udhaifu wa imani. Wagonjwa wengi duniani huipata, wenye elimu na wasio na elimu.

Ubaya wake ni mmoja. Hofu humfanya mtu akimbie kipimo. Na kipimo ndicho kinachomlinda.

Wapare wanajua ndiva. Ndiva ikipasuka, watu huiziba pamoja. Lakini hawaiachi hivyo. Mtu hutumwa kwenda kuangalia kama maji yanavuja. Anayekwenda kuangalia haleti uvujaji. Akikuta unyevu mdogo, watu huwahi kuziba kabla ukuta haujabomoka. Kipimo cha PSA ni mtu huyo.

Mambo saba ya kufanya

1. Taja hofu yako kwa mtu mmoja. Mwambie mkeo, ndugu, au rafiki: "Tarehe inakaribia, naogopa." Hofu inayosemwa hupungua uzito. Mkeo ameshaona kwamba hulali. Ukinyamaza, naye huogopa peke yake.

2. Usiende peke yako. Nenda na mtu atakayesikiliza pamoja nawe. Mtu mwenye hofu husikia nusu ya maneno.

3. Andika maswali matatu katika daftari. Namba yangu ni ngapi? Kwangu mimi maana yake ni nini? Tarehe inayofuata ni lini?

4. Uliza mapema majibu yatatoka siku gani, na nani atakusomea. Usiondoke na karatasi ambayo hujaelezwa. Kama gari linaondoka, ni heri ulale kwa ndugu kuliko kukosa usingizi siku kumi na moja. Kama huna budi kuondoka, ilete zahanati. Zahanati ikiwa haijui, itauliza hospitali.

5. Siku za kungoja, fanya kazi za kawaida. Palilia, peleka mbuzi malishoni, tembea. Weka saa moja ya jioni ya kuzungumza juu ya ugonjwa. Wazo likija saa nyingine, liambie lingoje jioni.

6. Usiku moyo ukienda mbio, keti wima. Vuta pumzi ukihesabu mpaka 4. Itoe polepole ukihesabu mpaka 6. Fanya hivyo mara kumi. Anayesali, asali. Lakini usitafute usingizi katika dengelua wala konyagi. Pombe hukulaza saa mbili, kisha hukuamsha na hofu kubwa zaidi.

7. Usiache dawa za hospitali kwa sababu umeletewa mizizi. Kama umekwisha kunywa dawa ya kienyeji, mwambie daktari bila kuficha.

Kama namba imepanda kweli

Tuseme ukweli. Mara nyingine namba hupanda, na kipimo cha pili huonyesha hivyo hivyo. Hiyo ni habari nzito. Lakini si hukumu ya kifo. Mara nyingi PSA hupanda miezi au miaka mingi kabla mtu hajasikia maumivu yoyote. Muda huo ndio faida ya kupima. Kuna tiba ya mionzi, ambayo hutolewa kwa mfano katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kuna dawa za kupunguza homoni ya kiume. Wengi huishi miaka mingi wakilima na kulea wajukuu.

Kwa jamaa na majirani

Msimwambie mgonjwa "Usiwaze." Hakuna aliyewahi kuacha kuwaza kwa kuamriwa. Mwambieni, "Tutakwenda wote." Msinong'one anapopita. Msimtazame kama mtu aliyekwisha zikwa. Mpeni kazi yake na heshima yake.

Njoo zahanati upesi

Usingoje tarehe ya kliniki ukiona mambo haya: umeshindwa kukojoa, mkojo una damu, mgongo au mifupa inauma usiku na mchana bila kupoa, miguu imekuwa dhaifu au imekufa ganzi.

Njoo upesi pia kama umekosa usingizi zaidi ya wiki mbili, unakataa chakula, au unafikiri ni afadhali ujiue. Huo nao ni ugonjwa, na una tiba. Hatutakucheka.

Mzee wetu

Mwaka huu mzee alikwenda kupima pamoja na mkewe. Walilala kwa binti yao, wakamwona daktari asubuhi. Waliporudi walipitia zahanati. Nikanyosha mkono kupokea karatasi. Akaizuia.

"Ngoja," akasema. "Nitasoma mwenyewe." Akavaa miwani. "Sifuri. Nukta. Sifuri. Nne."

Nikamuuliza kama safari hii alilala.

"Usiku wa mwisho sikulala," akajibu. "Lakini nilikwenda."

Ndugu msomaji, kuogopa si kosa. Ogopa, lakini nenda.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mzee alisoma 0.04 kuwa 4? Hofu hiyo ilimletea hasara gani?
2. Pimeni lita 4, glasi moja, na vijiko 8 vya maji mbele ya darasa. Semeni kila kimoja ni namba gani katika somo hili.
3. Kwa nini si vizuri kulinganisha namba yako na ya jirani?
4. Mama wa nyumbani alifanya nini kilichomsaidia mzee? Wewe ungefanya nini?
5. Katika kijiji chetu, ni nini kinachowazuia wanaume kusema kwamba wanaogopa?

Mganga wa Zahanati,
Kifaru