Kwa Nini Mhojaji Huuliza kwa Undani Kuhusu Dhuluma za Kingono

Wakazi wanaotembelewa nyumbani wakati wa utafiti wa kitaifa wa afya hushangazwa na sehemu moja ya maswali. Badala ya mkazi kuulizwa mara moja kama amewahi kubakwa, mhojaji huuliza jambo moja baada ya jingine: Je, kuna mtu aliyewahi kukulazimisha kwa nguvu kufanya ngono wakati hukutaka? Je, alitumia vitisho? Aliyefanya hivyo alikuwa mume, mpenzi, jamaa au mtu usiyemjua? Kuna wanaoona huo ni udadisi. Ukweli ni kwamba namna swali linavyoulizwa huamua ni nani atakayehesabiwa na ni nani atakayeachwa nje ya hesabu.

Jina la kosa si sawa na kitendo

Wengi wakisikia neno "ubakaji" hufikiria mtu wasiyemjua, gizani, akiwa na silaha. Mwanamke aliyelazimishwa na mpenzi wake, au kijana wa kiume aliyelazimishwa na jamaa, huenda asione kuwa neno hilo linamhusu. Akiulizwa kama amewahi kubakwa, atajibu "la", na hatakuwa amedanganya. Swali ndilo halikumfikia.

Tofauti hii imepimwa. Mwaka 1997, nchini Marekani, tafiti mbili zilifanywa kwa wakati mmoja miongoni mwa wanafunzi wa kike wa vyuo, kila mmoja ukihoji zaidi ya wanafunzi 4,400. Katika utafiti wa kwanza, ulioongozwa na Bonnie Fisher na wenzake, maswali yalieleza kitendo chenyewe kwa maneno ya wazi. Katika wa pili, maswali yalikuwa machache na ya jumla, kuhusu kushambuliwa, kubakwa au kulazimishwa kingono.

Matokeo yalitolewa mwaka 2000. Utafiti wa kwanza ulionyesha kwamba asilimia 1.7 ya wanafunzi hao walikuwa wamebakwa tangu mwaka wa masomo uanze. Wa pili ulionyesha asilimia 0.16. Yaani, kwa kila wanafunzi 1,000, maswali ya wazi yaliwafikia 17, na maswali ya jumla hayakuwafikia hata wawili. Watafiti walihitimisha kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo huenda ilitokana na namna ya kuuliza. Tena, katika utafiti huo wa kwanza, chini ya nusu ya matukio yaliyotimiza maana ya ubakaji ndiyo waathiriwa wenyewe waliyaita ubakaji.

Hata Kiswahili kina mitego

Kwa sababu ya heshima na haya, watu husema "alinifanyia tabia mbaya", "alinichezea" au "aliniharibu". Mwaka 2017, Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba mahakama nchini zimekuwa zikikubali tafsida kama "alinifanyia tabia mbaya" katika ushahidi wa watoto, kwa kuwa mtoto huona aibu kutaja kitendo chenyewe.

Hata hivyo, tafsida inayofaa katika kujibu haifai katika kuuliza. "Tabia mbaya" inaweza pia kuwa wizi, matusi au uvutaji bangi. Vilevile, kosa dhidi ya mtoto wa chini ya miaka 18 huitwa unajisi. Mtu aliyetendewa akiwa na miaka 15 anaweza kukana kwamba alibakwa kwa sababu amezoea kusikia kosa hilo likiitwa kwa jina lingine.

Mbona mtu mmoja, tena faraghani?

Katika Utafiti wa Demografia na Afya wa 2022, asilimia 13 ya wanawake na asilimia 7 ya wanaume wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupitia dhuluma ya kingono. Katika tafiti kama hizo, mtu mmoja tu huchaguliwa katika kila boma kujibu maswali ya dhuluma, na huhojiwa akiwa peke yake. Pasipokuwa na faragha, maswali hayo hayaulizwi. Utaratibu huo unalinda usalama wa anayejibu, kwani mdhulumu anaweza kuwa katika nyumba hiyo hiyo.

Majibu yanayotolewa huongoza mipango ya vituo vya afya, dawa, washauri nasaha na makao ya usalama. Waathiriwa wasiohesabiwa ni vigumu kupangiwa huduma. Hata hivyo, takwimu zikipanda baada ya maswali kubadilishwa, haimaanishi moja kwa moja kwamba dhuluma imeongezeka. Msomaji aangalie kwanza kama swali ni lile lile.

Kwa wazazi, walimu na wahudumu wa afya ya jamii

- Uliza kuhusu kitendo, si jina la kosa. "Kuna mtu aliyekugusa sehemu za siri?" ni swali wazi kuliko "Umedhulumiwa?"
- Zungumzeni mkiwa wawili tu, mahali pasipo na wa kuwasikia.
- Usiulize "Kwa nini hukupiga kamsa?" wala "Ulikuwa umevaa nini?" Maswali hayo hulaumu, na anayelaumiwa hunyamaza.
- Akisema, msikilize bila kumkatiza, kisha umsaidie kupata huduma.

Kupata msaada

Aliyedhulumiwa afike katika kituo cha afya haraka iwezekanavyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na za dharura za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Ikiwezekana, asioge wala kufua nguo alizovaa, ili ushahidi usipotee. Si lazima apitie kituo cha polisi kwanza ndipo atibiwe. Simu ya bila malipo ya kuripoti dhuluma za kijinsia ni 1195, na ya watoto ni 116.